Pampu yangu iliyokuwa inajikojolea oili

Mtu akikwambia sili ya kranki, yaani ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke pale shafti inapochomoza kwenye injini, inatibiwa kwa silikoni, mlete kwangu Luchelele, Mwanza. Mimi nilipaka silikoni hadi pampu ikafanana na keki ya harusi, na oili ikaendelea kudondoka.

Pampu yenyewe ni ile ndogo ya petroli, hospawa sita na nusu, ya Kichina iliyoigwa kwenye Honda GX160. Ndiyo inayovuta maji ziwani kupandisha kwenye nyanya na chainizi zangu. Mwezi wa nane jua linachoma, nyanya zimeshika maua, na kila nikizima injini nakuta kidimbwi cheusi chini yake. Fundi wa kwanza aliangalia kwa mbali, mikono mfukoni. "Mama, hizi za Kichina ndivyo zilivyo. Weka oili nzito." Nikaweka nzito, ikavuja nzito.

Wa pili alikuwa mjini, na yeye angalau aliifungua. Aliniambia amebadilisha sili, akachukua kama elfu ishirini na tano na kipande cha samaki nilichokuwa nimebeba. Siku mbili tu, kidimbwi kikarudi. Wa tatu hata hakugusa: "Injini imekufa hiyo, nunua nyingine." Huyo ndiye aliyenikasirisha mpaka nikaamua kuifungua mwenyewe.

Kwanza nilitaka kujua oili inatokea wapi hasa. Niliiosha pampu kwa petroli, nikaikausha, kisha nikaipaka unga wa udaga (muhogo) kuanzia kwenye maungio ya kava la injini hadi kwenye uwazi ule ulio kati ya injini na pampu. Majirani walidhani natambika. Nikaiwasha dakika tano. Maungio yakabaki meupe, lakini kwenye uwazi kukatokea mstari mweusi unaoshuka kama chozi. Basi, gasketi haina kosa, na silikoni yangu yote ilikuwa urembo.

Kufungua kava la pampu ni kazi ya spana tu. Kigugumizi kilikuwa kwenye impela, lile gurudumu lenye mabawa linalosukuma maji. Imekazwa kwenye thredi za shafti yenyewe, na ukiizungusha kuilegeza injini nayo inazunguka, mnacheza ngoma pamoja. Nimeng'ang'ana nayo asubuhi nzima, mpwa wangu kashika huku, mimi nashika kule, hadi tukaanza kununiana. Ndipo nikakumbuka mvuvi mmoja wa hapa pwani alivyofanya kwenye injini yake. Nilifungua plagi, nikavuta kamba ya kuwashia polepole hadi pistoni ikaanza kupanda na kusukuma pumzi nje ya tundu (hapo valvu zote zimefungwa), nikaingiza kamba laini ya nailoni ya nyavu kupitia tundu la plagi, kama mita moja hivi, mkia nikauacha nje. Pistoni ikipanda inakuta kamba, inasimama, haivunji kitu. Nikaweka kipande cha mti kwenye bawa la impela, nikagonga mara mbili kinyume na saa. Tak, tak. Ikaachia! Mpwa wangu alisema "Shangazi!" kwa sauti ambayo hajawahi kunipa hata siku ya sikukuu.

Sili ya yule fundi nikaikuta imekaa upande, mdomo wake wa mpira umekunjika na una alama ya bisibisi. Aliipigilia kama msumari wa bati. Niliitoa kwa kuipenyezea skrubu mbili ndogo usoni, nikazivuta kwa plaizi kwa zamu, bila kugusa shafti.

Dukani beba sili ya zamani, namba zimeandikwa usoni. Yangu ilisomeka 25, 41.25, 6. Muuzaji alinipa ya 42, eti "itaingia tu, mama". Isingeingia, na ningeilazimisha ningeiharibu. Duka la tatu ndilo lilikuwa nayo, elfu tatu au nne, sikumbuki.

Shafti nayo ilikuwa na mfereji mwembamba pale mdomo wa sili ya zamani ulipokuwa unasugua. Kucha ilikuwa inaukamata. Nikaipitisha msasa laini sana kuizunguka, kisha nikaamua sili mpya isizame hadi pale pale. Niliiacha nje kidogo, kama milimita moja, ili mdomo ukae kwenye chuma kizima. Thredi nikazivalisha kofia ya plastiki niliyoikata kwenye chupa ya maji, zisichane mpira. Nikapaka oili mdomoni, upande wenye springi ukatazama ndani ya injini, nikaisukuma kwa kipande cha bomba la plastiki la maji chenye upana karibu sawa na wa sili. Unagonga bomba taratibu, sili inaingia yote kwa pamoja. Bisibisi ilibaki kwenye boksi lake.

Sasa niseme na la aibu. Tukiwa tunarudisha filta ya hewa, mpwa wangu akauliza, "Shangazi, huu msumari wa nini?" Ulikuwa kwenye mrija wa kupumulia, ule unaotoka kwenye kava la valvu kwenda kwenye filta. Niliuchomeka mimi mwaka jana, kwa sababu oili ilikuwa inachafua filta, nikajiona mjanja kuliko waliotengeneza injini. Pumzi ya ndani ikakosa njia, ikawa inasukuma sili kutoka ndani. Na filta ilikuwa inachafuka kwa sababu nilikuwa najaza oili pampu ikiwa imeinama kwenye mteremko wa ufukweni, nikidhani haijajaa. Injini hii inataka kama nusu lita na kidogo, ikiwa imekaa sawa. Mimi nilikuwa naibugiza karibu lita nzima, kwa huruma.

Msumari nikautoa. Usiku ule niliweka boksi la karatasi chini ya pampu, na alfajiri nikatoka na tochi kabla hata ya kuosha uso. Boksi kavu. Sasa ni wiki ya sita, nyanya zimeanza kuiva, na mpwa wangu nimemnunulia soda mbili asisimulie habari za msumari. Amekunywa zote, na kesho yake jirani akaniuliza kuhusu msumari.