Colt Army 1860: vyumba vimepanuliwa, gololi ya 0.457 imekubali

Hatimaye matundu yamekusanyika kwenye shabaha. Bastola ni nakala ya Kiitaliano ya Army 1860, kaliba .44, ambayo kila chumba cha silinda hujazwa baruti na gololi kwa mbele, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: gololi inaingia kwa kukaza, inaacha pete safi ya madini ya risasi iliyokatwa mdomoni mwa chumba, lakini kwenye mita 25 matundu yanatawanyika ovyo.

Wengi huishia kwenye pete. Ikitoka nzima, basi saizi ni sahihi. Kumbe pete inathibitisha tu kwamba chumba kimezibwa: moto hautapenya kwa mbele hadi chumba jirani, na gololi haitasogea kwa mtikiso ikakwamisha silinda. Kuhusu mtutu, pete haisemi kitu.

Jibu lilikuwa kwenye vipimo. Gololi laini iliyosukumwa ndani ya mtutu uliopakwa mafuta ilitoka na inchi 0.451 (mm 11.46) kwenye vina vya mifereji, ile mikwaruzo ya ond ndani ya mtutu inayoizungusha gololi. Kwa vyumba, shindilia gololi kwenye chumba kitupu, fungua chuchu ya fataki, isukume kutoka nyuma kwa kijiti butu, kisha pima: 0.446 (mm 11.33). Usipime chumba kwa taya za ndani za kalipa. Zina ubapa, kwenye tundu dogo zinasoma pungufu. Maikromita juu ya gololi haidanganyi.

Kwa hiyo ukianza na 0.451, 0.454 au 0.457, zote zinatoka chumbani zikiwa 0.446, nyembamba kuliko mifereji. Kinachobadilika ni upana wa mkanda ulionyooka kiunoni mwa gololi: mm 1.7, 2.2 na 2.5. Mkanda mpana unashika mifereji vizuri zaidi, ila hauwezi kuziba pengo la inchi 0.005.

Dawa ni rima, kifaa cha kupanulia tundu. Vyumba vimepanuliwa hadi 0.452, tena ni pale tu gololi inapokaa. Chini kabisa hapaguswi, ukuta wa chuma ubaki mnene panapowaka baruti.

Hapa ndipo 0.454, kipenzi cha wengi, iliposhindwa. Kwenye chumba cha 0.452 inabakiwa na mkanda wa mm 1.1 tu. Matundu yalikaribiana, lakini kila silinda ilitupa moja pembeni. Gololi ya 0.457 inarudisha mkanda hadi mm 1.7, na mkono wa kushindilia, yaani wenzo ulio chini ya mtutu, hauumii: inakatwa inchi 0.005, sawasawa na 0.451 kwenye chumba cha zamani. Kabla ya rima ingekuwa 0.011, na meno ya mkono wa 1860 hayakutengenezwa kwa mateso hayo.

Haya yote ni kwa gololi za madini ya risasi laini yasiyochanganywa. Ukucha ukishindwa kuacha alama, irudishe. Vile vipande vya risasi vya kusawazishia magurudumu mara nyingi vina antimoni, inayoifanya risasi iwe ngumu. Vitavunja mkono bure.

Mpango ulikuwa kulinganisha vizibo vya felti na grisi ya nta kwa kipimo kilekile cha gramu 1.6 za FFFg, baruti nyeusi ya punje ndogo. Umeahirishwa. Sasa nataka kigandamizo cha mezani, silinda ishindiliwe nje ya bastola bila fataki, kila gololi ikae kina kimoja. Fremu nitatumia mbao ngumu, mhimili boliti ya mm 10, na kichwa cha kushindilia cha shaba kilichochongwa mbonyeo ili kisibapaze gololi.