Nyama ya Idi kwenye makopo ya aiskrimu

Idi mosi ni ya wageni. Idi pili kwangu ni ya kuangaliana na lile sufuria kubwa la shughuli, pilau limekwisha ila nyama bado imefika nusu.

Mwaka jana nililiacha jikoni mpaka saa nne usiku, kisha mimi na mume wangu tukalisukuma zima zima ndani ya friji. Asubuhi juu mafuta yameganda vizuri, nikafurahi. Kutia upawa katikati, vuguvugu, na mchuzi unatoa povu. Kilo kama nne zikaenda shimoni. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno, alisonya tu.

Kumbe nyama nyingi ndani ya chombo chenye kina haipoi upesi, na wapo vijidudu ambao mbegu zao haziuawi na kuchemsha. Zinangoja huo uvuguvugu, zikiupata zinazaliana usiku kucha. Tena na joto hili la Tanga!

Siku hizi nikiepua tu naitandaza nyama kwenye masinia, na kabla muda wa saa mbili haujapita iwe imeshaingia kwenye baridi. Naigawa kwenye makopo ya aiskrimu, kila kopo mlo mmoja. Namimina na mchuzi wake mpaka uifunike, maana ikigandishwa kavu inakauka na kufanya mabaka meupe. Juu naacha nafasi ya kidole, mchuzi ukiganda huvimba. Kisha plasta na kalamu: "Idi, mbuzi". Ndani ya miezi miwili mitatu iwe imeliwa. Haiharibiki, ila utamu unapungua.

Ya nazi sigandishi. Tui hukatika, na mbatata hugeuka sponji. Nagandisha rojo la nyanya na vitunguu, tui natia siku ya kula. Hapa mashoga zangu hubisha, nami siwajibu.

Umeme ukikatika sifungui friza kuchungulia. Ikiwa imejaa na haifunguliwi, inahimili kama siku mbili. Ndani nina kikombe cha maji yaliyoganda na sarafu ya shilingi mia mbili juu yake. Nikisafiri, nikirudi nikaikuta imezama chini, najua barafu iliyeyuka ikaganda tena, na nyama yote naitupa bila kuinusa. Kugandisha hakuui vijidudu, kunawalaza tu. Ndiyo maana kopo nalishusha kwenye friji tangu usiku, kesho yake nachemsha mpaka mchuzi utokote hasa, na kilichobaki hakirudi kwenye friza.

Juzi mama mkwe akirudi Pangani aliomba makopo mawili. Mwaka mzima nilikuwa naisubiri hiyo siku. Nikamfungia kwa magazeti, nikamsindikiza mpaka stendi. Jioni akapiga simu: moja ni mbuzi, mashallah, jingine ni aiskrimu ya vanila, imeyeyukia kwenye kanga zake. Nani alihamisha plasta, mpaka leo hakuna mtoto aliyekubali.