Kutoka Hahaya hadi Chindini: kuifuata timu ya Komoro barabarani

Ndege ya Dar es Salaam hutua Hahaya, pwani ya magharibi ya Ngazija, kisiwa kikuu cha Komoro, kilomita kama 20 kaskazini mwa Moroni. Barabara ya pwani inayopita hapo inatosha kueleza historia ya timu ya taifa ya Komoro. Ukielekea kusini unafika Moroni na uwanja mpya wa Malouzini. Ukielekea kaskazini unafika Mitsamiouli, uwanja ambao timu hii ililelewa. Mimi nilianza na kusini.

Kwanza fedha. Beba euro badala ya dola, kwa sababu faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro: euro 1 ni faranga 491.97, leo kama kesho. Omba noti ndogo unapobadilisha. Taksi hapa ni za kuchangia, dereva hupakia na kushusha njia nzima, na noti kubwa humtia kwenye shida ya chenji asiyokuwa nayo. Kifaransa kinasaidia ofisini. Barabarani Kiswahili cha polepole kinakufikisha mbali, maana Kikomoro ni ndugu yake wa karibu.

Tunazungumzia nchi ya visiwa vitatu ambayo haifiki watu milioni moja. Ilipata uhuru mwaka 1975, shirikisho lake la mpira likaundwa 1979, lakini liliingia CAF, shirikisho la Afrika, 2003 na FIFA, la dunia, 2005. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Moroni mwaka wa uhuru alifikisha miaka 32 kabla ya kuiona nchi yake ikicheza mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Mechi yenyewe ilikuwa Oktoba 2007, na Madagaska ilishinda 6-2.

Malouzini uko pembezoni mwa Moroni. Umejengwa kwa msaada wa China, unachukua watu kama 10,000, na hapo ndipo hesabu zilipobadilika. Wakenya wanaukumbuka: Novemba 2020 Harambee Stars walitoka sare ya 1-1 Nairobi, wakaja Moroni siku nne baadaye wakafungwa 2-1. Machi 25, 2021 sare ya 0-0 na Togo ikaipeleka Komoro AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza. Novemba 2023, katika kufuzu Kombe la Dunia, Ghana ilifungwa 1-0 Moroni kwa bao la Myziane Maolida.

Ukiangalia tarehe hizo utagundua jambo: Novemba, Machi, Novemba. Ni miezi ya kaskazi, joto la unyevu linalokaa mgongoni hata jua likishuka. Ndege za ratiba ni chache pia, na timu ngeni isiyokodi ndege yake inaweza kufika na siku pungufu ya mazoezi. Watu wa nje husema Komoro inabebwa na nyasi bandia. Sikubaliani nao. Nyasi bandia ziko kila mahali Afrika, na wachezaji wa Komoro wenyewe wengi wanacheza Ulaya kwenye nyasi za kawaida; nao huja kujizoesha kwa siku mbili tatu kama mgeni.

Kwa nini bandia, basi? Jibu liko njiani kuelekea kaskazini. Ngazija ni mlima wa volkano, Karthala, wenye mita 2,361, na mawe yake meusi yana matundu. Mvua hunyesha kwa wingi kisha huzama ardhini. Kisiwa kizima hakina mto wa kudumu, na vijijini utaona birika za kukinga maji ya paa. Uwanja wa nyasi halisi unataka maji kila siku ya kiangazi, na maji hayo kwanza yanatakiwa jikoni. Kisiwa jirani cha Anzuani kina mito, Ngazija haina. Kasoro ya nyasi bandia ni joto: mchana wa jua kali zulia huwaka kuliko hewa, miguu huungua ndani ya viatu, na mpira hudunda juu kuliko beki mgeni anavyotarajia.

Taksi ya kwenda Mitsamiouli inarudi kwa njia ile ile, inaipita Hahaya, kisha Ntsaoueni. Kutoka Moroni ni kilomita kama 40. Toka asubuhi, kwa sababu jioni magari ya kurudi hupungua. Ukikosa la mwisho utalala huko, na nyumba za wageni ni za kuhesabu.

Hapa Mitsamiouli ndipo kocha Amir Abdou alipojenga timu. Alizaliwa Marseille, akafundisha timu za ridhaa Ufaransa, na alipewa Komoro mwaka 2014. Kazi yake ya kwanza haikuwa mbinu, ilikuwa kupiga simu. Mchezaji mwenye mzazi Mkomoro anatakiwa awe na pasipoti ya Komoro. Kama ameshachezea timu za vijana za Ufaransa, kama Maolida, lazima FIFA ikubali abadilishe shirikisho. Klabu yake inalazimika kumwachia katika siku za kalenda ya FIFA peke yake. Karatasi moja ikichelewa, mchezaji anabaki Ufaransa na kocha anahesabu watu upya. Marseille ina jumuiya kubwa sana ya Wakomoro, ndiyo maana orodha ya kikosi inasomeka kama ya mtaa wa bandari ile: Youssouf M'Changama na Salim Ben Boina wamezaliwa huko, na aliyekuwa nahodha, Nadjim Abdou, aliyecheza miaka mingi Millwall ya Uingereza, amezaliwa Martigues jirani yake.

Mfungaji mkubwa, El Fardou Ben Nabouhane, ametoka kwingine: Maore (Mayotte), kisiwa cha nne, ambacho Ufaransa ilibaki nacho. Maore haimo FIFA. Yeye alichagua Komoro, na ndiye aliyefunga mabao mawili ya Red Star Belgrade kule Salzburg mwaka 2018, yaliyoipeleka klabu hiyo makundi ya Ligi ya Mabingwa.

Matunda ya simu hizo yalianza kuonekana Mitsamiouli: sare na Ghana 2015, sare ya 1-1 na Kameruni Septemba 2018, kisha 2-2 na Morocco mwezi uliofuata. Waganda waliponyoka mapema zaidi. Septemba 2016 waliifunga Komoro 1-0 Kampala na kurudi AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1978.

Ukikaa kwenye bangwe, uwanja wa mji ambapo wazee hukutana kila alasiri, usiulize habari ya kufuzu. Uliza habari ya kipa. Januari 2022, AFCON ya Kameruni. Komoro ilifungwa na Gabon 1-0, na Morocco 2-0 (Ben Boina alidaka penalti ya En-Nesyri siku hiyo), kisha mjini Garoua ikaitoa Ghana kwa 3-2: Ben Nabouhane dakika ya 4, na Ahmed Mogni mara mbili. Lakini Ben Boina aliumia, na makipa wengine wawili, Ali Ahamada na Moyadh Ousseini, wakakutwa na korona. Ahamada alipimwa tena na kuonekana hana, ila kanuni ilidai siku tano za kujitenga. Kocha mwenyewe alikuwa ametengwa.

Hivyo mbele ya wenyeji Kameruni, katika uwanja wa Olembe, golini alisimama Chaker Alhadhur, beki wa kushoto wa Ajaccio, namba 3 ikiwa imebandikwa mgongoni kwa utepe. Dakika ya 7 Nadjim Abdou akapewa kadi nyekundu. Watu kumi, beki golini, na bado walifungwa 2-1 tu. Bao la Komoro lilikuwa faulo ya mbali ya M'Changama, dakika ya 81. Alhadhur aliokoa mipira ambayo kipa wa kazi angejivunia. Usiku ule watu wanane walikufa kwa kukanyagana nje ya uwanja, na bangwe likifika hapo hupunguza sauti.

Somo la kiufundi ni kavu: makipa watatu hawakutosha, na nchi ndogo haina wa nne wa kiwango hicho. Wachezaji wa mbele, hata hivyo, wameendelea kupatikana. Chini ya Mwitaliano Stefano Cusin, Oktoba 2024, Komoro iliifunga Tunisia 1-0 kwao kwa bao la Rafiki Saïd, ikamaliza kinara wa kundi bila kupoteza mechi, na kwenda AFCON ya Morocco.

Ligi ya ndani unaikuta ukishuka hadi Chindini, ncha ya kusini, kupanda boti ya Hoani, katika kisiwa cha Mwali. Kila kisiwa kina ligi yake, na mabingwa hukutana baadaye kumtafuta wa taifa, maana kuvuka bahari kila wiki hakuna klabu inayoweza. Boti ni za fiba zenye injini ya nyuma. Fika alfajiri, kwa sababu upepo huamka jua likipanda, na wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, mkondo huchafuka kiasi cha boti kutotoka kabisa. Vaa jaketi la kuokolea kabla ya kuondoka ufukoni, funga simu ndani ya nailoni, na usipange ndege ya kurudi siku hiyo hiyo. Klabu inayovuka nayo hufanya vivyo hivyo: huondoka siku mbili kabla ya mechi, na bahari ikikataa, mechi huahirishwa.