Supu ya boga ya mkesha wa Pasaka: acheni kulichemsha

Ushauri ninaopewa kila msimu kuhusu supu ya boga ni uleule: likate, lichemshe kwa maji mengi, chuja, liponde, na ukiona supu ni nyepesi ongeza unga wa ngano. Niliufuata hivyohivyo nilipokabidhiwa kwa mara ya kwanza chakula cha mkesha wa Pasaka hapa Njombe, na kilichopatikana kilikuwa kama uji wa mgonjwa. Utamu wote ulikuwa umekwenda na maji yaliyochujwa, rangi ilififia, na ladha ya unga mbichi ilikaa ulimini hata baada ya kuongeza pilipili manga. Wageni walikunywa kwa heshima tu. Iliniudhi sana, kwa sababu boga lenyewe lilikuwa zuri na aliyelilima alistahili zaidi ya hapo.

Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, wakati ambao kwetu mvua bado zinanyesha, baridi inaanza kurudi, na maboga yamekomaa katikati ya mahindi. Watu hutoka kwenye Misa ya mkesha usiku, miguu imelowa, na tumbo lililozoea Kwaresima halitaki kuanza na nyama. Wanahitaji kitu cha moto kinachoshibisha bila kulemea, na hakuna kinachofaa kuliko boga la kienyeji lenye kikonyo kilichokauka na ganda ambalo ukucha hauingii. Sokoni nililipata kwa kama sh. 2,000, mkaa haukufika hapo, na vitu vingine vilitoka shambani.

Sasa nalipalia boga, kama tunavyopalia wali. Nalikata vipande vikubwa pamoja na ganda lake, natoa mbegu na kuziweka kando, napaka mafuta kidogo kwenye sufuria nzito, kisha napanga vipande ganda likiwa chini. Sitii hata tone la maji. Nafunika, napunguza moto, na sehemu kubwa ya mkaa naihamishia juu ya mfuniko, halafu naliacha karibu saa nzima bila kufunua, maana kila anayefunua ili aone anatoa mvuke ambao ndio unaoliivisha boga. Ukifika wakati wake utajua kwa harufu. Unapofunua unakuta kingo za vipande zimekuwa za kahawia, nyama imezama kidogo katikati, na chini ya sufuria kuna maji mazito ya boga lenyewe, yenye utamu wa miwa, yanayonata kwenye mwiko. Hayo usiyamwage kwa vyovyote. Nyama inatoka kwenye ganda kwa kijiko bila kulazimishwa, na rangi yake inakuwa ya machungwa iliyokolea ambayo kuchemsha hakuwezi kuitoa.

Maji ya supu yanatoka kwenye mahindi mabichi. Napukuchua punje, kisha magunzi nayachemsha peke yake pamoja na karoti na kitunguu kizima hadi maji yawe na utamu na uzito kidogo. Huku juu, karibu meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka chini ya nyuzi joto 95, kwa hiyo atakayefuata muda aliopewa na jamaa wa Dar es Salaam atakula punje ngumu. Zianze punje kabla ya kitu kingine chochote. Kitunguu, kitunguu saumu na tangawizi nakaanga taratibu, natia boga lililopondwa, namimina maji ya magunzi kidogo kidogo, na punje zilizoiva zinaingia zikiwa nzima ili mlaji apate cha kutafuna.

Uzito hautoki kwenye unga. Zile mbegu nilizoweka kando nazikausha, nazikaanga kwenye chungu kikavu hadi zianze kupasuka, natwanga kwenye kinu na kuchekecha. Vijiko vichache vya ungaunga huo vinatosha kuifanya supu iwe laini na yenye mafuta ya kupendeza juu. Wapo wanaosisitiza tui la nazi, na sikatai kwamba ni tamu, lakini nazi ya kusafirishwa hadi Njombe ni ghali na hulifunika boga. Vile vichemraba vya kiungo vya dukani havina nafasi kabisa katika sufuria hii. Chumvi inatosha, nayo itiwe mwishoni.

Inayobaki hulala na kuganda, na ikipashwa Jumatatu ya Pasaka huwa tamu kuliko usiku ule. Izimue kwa maji ya magunzi uliyoyahifadhi, si kwa maji ya bomba.