Manjano ya Kiganja, Manjano ya Jicho

Mzee huyo alikuwa muuza viungo katika soko la Marikiti, Mombasa. Kwa zaidi ya miaka 30 viganja vyake vilikuwa vya rangi ya manjano anayoipima kwa mkono siku kutwa, na hakuna aliyevitazama mara mbili. Mimi nilikuwa tabibu katika kliniki ndogo ya sukari, na nilichokuwa nikitazama ni mizani.

Kitabu chake cha kliniki kilisema hivi: Septemba 2016, siku alipogunduliwa sukari, kilo 79. Januari 2017, kilo 73. Kando ya hiyo 73 upo mwandiko wangu: "Uzito unashuka, hongera." Alikuwa na miaka 61, anakunywa vidonge vya sukari vya metformini, ameacha soda na kupunguza mahamri. Nikaona ni juhudi zake zinazaa.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa Mei, mwezi wa Shaaban, wiki mbili hivi kabla ya mfungo. Wakati huo wagonjwa wa sukari hujaa kliniki na swali moja: nifunge, nisifunge? Naye alikuja na swali hilo. Akavua viatu, akapanda mizani: 66. Aliposhuka akavuta mshipi wa suruali, nikaona una matundu matatu mapya yaliyotobolewa kwa msumari, yamekaa kombokombo.

Nikafungua majibu ya kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Septemba kilikuwa asilimia 7.9. Sasa 10.4.

Hapo moyo ulinipasuka. Sukari ya ukubwani kwa kawaida hushuka mtu akipungua. Huyu amepungua kilo 13, dawa anakunywa (nilihesabu vidonge vilivyobaki kwenye pakiti, hesabu ikaja sawa), na bado sukari inapanda. Kongosho ndilo linalotengeneza insulini, na saratani yake huweza kuvuruga sukari miezi mingi kabla ya dalili nyingine kujitokeza. Sitaki kutisha watu: katika kila 100 waliopita miaka 50 wakagunduliwa sukari, ni kama 1 tu atakayekutwa na saratani hiyo ndani ya miaka 3. Lakini sukari mpya ya mtu mzima, akikonda bila kuwa amenenepa kabla ya sukari kuanza, na kwao hakuna mwenye sukari, huyo si wa kuandikiwa hongera.

"Ami, hebu tusogee mlangoni," nikamwambia. Taa yetu ilikuwa ya mwanga wa njano, na mwanga huo huficha umanjano wa jicho. Kwenye jua nikamwambia atazame chini, nikainua kope la juu kwa kidole gumba. Mahali pa weupe palikuwa na rangi ya samli. Manjano ya dukani hutia rangi kiganja, haifiki kwenye jicho.

"Mkojo wako ukoje?"

"Mweusi, mwanangu, kama chai ya rangi. Nikasema ni hili joto, sinywi maji."

Nikampa chupa. Ulipotikiswa, povu lake lilikuwa la manjano, si jeupe. Hiyo si dalili ya upungufu wa maji. Nilipouliza habari za choo kikubwa akageuza uso, maana wazee wetu hawapendi kuulizwa hilo na mtu wa umri wa wanawe. Kimepauka kama chokaa, akasema mwishowe, kina mafuta, chaelea. "Namwaga kata tatu, nne, hakiendi."

Yote hayo yana chanzo kimoja. Kongosho lina urefu wa sentimita 15 hivi, limelala nyuma ya tumbo la chakula, na kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mdogo. Mrija wa nyongo hupita katika kichwa hicho, na saratani nyingi za kongosho huanzia hapo hapo. Uvimbe ukiubana mrija, nyongo hurudi kwenye damu: jicho na mkojo vikapata rangi, choo kikaikosa, mwili ukawasha, zaidi usiku, zaidi viganja na nyayo. Kucha zake ziling'aa kama zilizopigwa msasa, kwa kujikuna. Na kwa kuwa nyongo na vimeng'enya vya kongosho havifiki utumboni, mafuta ya chakula hayasagwi, ndiyo yale yanayoelea.

Mgongo nao ulikuwa na habari yake. Kwa miezi minne alikuwa akinunua dawa za vidonda vya tumbo duka la dawa, na kila Ijumaa akichuliwa mgongo na mtu wa Kisauni, akiamini ni kubeba magunia. Maumivu ya magunia hutulia ukijilaza. Yake yalianza chini ya chembe ya moyo, yakapenya hadi mgongoni, yakazidi akilala chali na kupungua akiinama mbele. Alikuwa akilala ameketi, amekumbatia mto.

Nikamlaza kidogo nipapase tumbo. Chini ya mbavu za kulia palikuwa na kitu laini cha mviringo, kinateremka akivuta pumzi, wala hakimuumi. Ni mfuko wa nyongo uliofura. Courvoisier, daktari wa upasuaji wa Uswisi, alieleza mwaka 1890 kwamba ukiukuta hivyo kwa mtu mwenye manjano ya macho, usifikirie vijiwe kwanza: vijiwe huufanya mfuko ukakamae na kusinyaa, haufuri kirahisi.

Kumbe Machi alikwisha pigwa picha ya altrasaundi mahali fulani. Karatasi ilisema gesi nyingi, kongosho halikuonekana vizuri. Chini yake mtu ameandika "sawa". Kutoonekana si kuwa sawa! Alikwenda amekula mahamri na mbaazi asubuhi hiyo, wala hakuambiwa akae bila kula saa 6 hadi 8. Tulipoirudia kwa njaa, mrija wa nyongo ulikuwa na milimita 15, na kawaida ni kama 6. Ikafuata siti skani ya kutiwa dawa mshipani, baada ya kupima figo, na sindano za vitamini K, kwa kuwa nyongo ikizibwa vitamini hiyo hainyonywi na damu huchelewa kuganda.

Mwanawe wa kiume alitaka aanze na kipimo cha damu alichosikia, cha kitu kiitwacho CA 19-9 kinachoweza kupanda katika saratani ya kongosho. Nikamzuia. Hupanda mrija wa nyongo ukizibwa na chochote, hata kijiwe, na wapo watu ambao miili yao haikitengenezi kabisa. Hufaa kufuatilia saratani iliyokwisha thibitishwa.

Uvimbe ulikuwa wa sentimita 2.6, haujashika mishipa mikubwa ya damu. Kati ya wagonjwa 5 ni kama 1 tu hukutwa katika hali ya kuweza kupasuliwa, akawa yeye. Nairobi wakamwondoa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo mdogo, mfuko wa nyongo na kipande cha mrija, kisha wakaunga upya sehemu tatu. Ni upasuaji wa Whipple, unaobeba jina la daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1935. Akaongezewa dawa za kemo. Aliishi miezi 20.

Mwanawe aliniuliza yeye afanyeje. Alikuwa akivuta sigara maskani tangu shule. Mvutaji ana hatari kama mara mbili ya asiyevuta, na ukiacha hatari hupungua mwaka hadi mwaka. Nikaanzia hapo, kabla ya kitambi na pombe. Nikamwambia pia akiongezeka ndugu wa damu wa pili mwenye saratani hii, wamwone daktari bingwa kwa uchunguzi wa mapema.

Baada ya upasuaji, mzee alirudi kliniki Oktoba. Choo kilikuwa kimeanza kuelea tena, akaogopa. Nikamuuliza vidonge vya vimeng'enya anavimeza lini. "Nikishanawa mikono." Amekosea saa tu: huanza pamoja na tonge la kwanza, si baada ya mlo. Nikampeleka mlangoni, nikainua kope. Jeupe.

Akafunua viganja vyote viwili mbele yangu. "Na haya, mwanangu, ni ya Marikiti. Haya niachie."