Walidhani Yumo Katika Msafara

Tafakari ya wiki ya Krismasi. Somo: Luka 2:41–52

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii watu wanarudi nyumbani Kilimanjaro. Mabasi yanatoka Mbezi yamejaa hadi kiti cha mwisho, na waliowahi tiketi ya treni, iliyorudi kwenye reli ya Moshi Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya kimya, wamekwisha kufika. Ukikaa Himo jioni utaona magari yakipanda kwenda Marangu, Mwika na Rombo, mengine yakiendelea Moshi kwenda Machame na Kibosho, mizigo imefungwa juu, watoto wamelala nyuma. Mungu awafikishe wote salama.

Luka anasimulia familia yenye desturi inayofanana na yetu. Kila mwaka Yusufu na Mariamu walipanda kwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka, wakisafiri pamoja na jamaa na majirani. Mwaka ule Yesu alikuwa na miaka 12. Sikukuu ilipokwisha, msafara ukaanza kurudi, yeye akabaki mjini, na wazazi wake wakatembea mwendo wa kutwa bila kujua. Mstari wa 44 unaeleza ilikuwaje: "Nao wakadhani ya kuwa yumo katika msafara."

Naomba tukae kwenye mstari huo. Mariamu na Yusufu hawakuwa wazembe. Msafara ulikuwa na shangazi, wajomba, watoto wa rika lake. Ilikuwa haki kabisa kudhani kwamba yupo na wenzake huko mbele. Wingi wa ndugu ndio uliofanya pengo lake lisionekane. Nyumba yenye watu watatu ingejua saa ileile.

Kihambani, kwenye shamba la ukoo lenye nyumba ya wazee, tarehe 25 tutakuwa watu ishirini, thelathini. Mzee atauliza, "Tupo wote?" na tutaitikia, "Tupo." Sala itaombwa, mtori utamiminwa, machalari yatapakuliwa. Katikati yetu atakuwepo kijana aliyeachishwa kazi miezi mitatu iliyopita na hajamwambia hata mama yake. Atakuwepo binti aliyepoteza mimba mwaka huu. Atakuwepo babu ambaye masikio yamepungua nguvu, amechoka kusema "rudia, sijasikia," sasa anatabasamu tu kila watu wanapocheka. Tutakula nao, tutapiga nao picha pale mbele ya migomba, tarehe 2 tutashuka mjini, na mwaka mwingine utakuwa umepita bila sisi kukutana nao. Hili linaniumiza, na naamini linamhuzunisha Bwana anayewapenda.

Sasa angalieni walimpata akifanya nini. Baada ya siku tatu wakamwona hekaluni, "ameketi katikati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali." Luka, ambaye ndiye peke yake aliyetuandikia habari ya Bwana katika umri ule, hakutuonyesha mtoto anayefanya muujiza. Ametuonyesha mtoto anayesikiliza wazee na kuwauliza. Na wazee wale hawakumwambia nenda kacheze na wenzako. Walimjibu, wakamuuliza na yeye, maana tunaambiwa walistaajabia fahamu zake na majibu yake.

Haikuwa bahati. Pasaka yenyewe Mungu aliiagiza ikiwa na swali la mtoto ndani yake. Kutoka 12:26 inasema itakuwa hapo watoto wenu watakapowauliza maana ya utumishi huu, nanyi mtawaambia habari ya usiku ule wa Misri. Yoshua 4 nayo: mawe kumi na mawili yaliyotolewa Yordani yaliwekwa ili siku moja mtoto aulize ni mawe gani haya. Mungu hakutosheka na watu wake kula pamoja. Alitaka mezani paulizwe, pajibiwe.

Mezani kwetu maswali hayakosekani. Lakini mengi yanafunga mdomo wa anayeulizwa. "Unaoa lini?" "Huyu mdogo wake anakuja lini?" "Mpaka leo bado umepanga?" Kijana wa kidato cha nne aliyemaliza mtihani Novemba, ambaye matokeo yake kwa kawaida hutoka Januari, ataulizwa na wajomba wote kwa zamu kama atafaulu. Atajibu nini? Wapo watoto wetu waliobaki Dar es Salaam na Mwanza sikukuu hii wakisema hawana nauli, na nauli wanayo. Wanakimbia maswali hayo. Wakolosai 4:6 inataka maneno yetu yawe na neema siku zote, yakikolea munyu, na swali nalo ni neno. Linapimwa kwa kipimo hichohicho.

Swali lenye neema huulizwa na mtu ambaye kweli hajui na anataka kujua. Kwa wazee wetu ni rahisi kuliko tunavyofikiri, ila tusiwaambie "tusimulie ya zamani," maana hapo mzee hajui ashike wapi na mara nyingi tutapata hotuba. Muulizeni kitu kimoja anachoweza kukiona kwa macho ya moyo. Babu, ile mibuni ya kule chini ilipandwa na nani? Hapo utasikia habari ya kukoboa kahawa usiku, kuianika, kuibeba kichwani hadi chama cha msingi, na jinsi KNCU, ushirika ulioanzishwa mwaka 1933, ulivyokuwa jina la kila siku katika nyumba zetu, kwa kuwa ada ya shule ya watoto wengi wa mlima huu ilitoka kwenye kahawa. Bibi, kiatu chako cha kwanza alikununulia nani? Wazee wa Rombo na Himo waulizwe mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 sabuni na sukari vilipatikana wapi, na ilikuwaje kwa waliokuwa na ndugu upande wa pili hadi ulipofunguliwa mwaka 1983. Aliyekuwa mtoto mwenye akili zake tarehe 9 Desemba 1961 aulizwe alikuwa wapi usiku ule mwenge wa Uhuru ulipopelekwa kileleni mwa Kilimanjaro. Bado wapo. Hawatakuwepo Krismasi zote.

Na mkiuliza, subirini. Bibi akianza, asiwepo mtu wa kusema, "Mama, hiyo ulishatusimulia." Tumwangalie Bwana njiani Emau, amefufuka na wanafunzi wawili hawajamtambua. Kleopa alishangaa kwamba mgeni huyu hajui yaliyotokea Yerusalemu, na Yesu akauliza, "Mambo gani?" Mambo yale yalimpata yeye mwenyewe, alama za misumari zilikuwa mikononi mwake. Hata hivyo akawaacha wasimulie mwanzo hadi mwisho, pamoja na huzuni yao na kutokuelewa kwao, ndipo akasema. Ikiwa yeye alisikiliza habari aliyoijua kuliko wasimuliaji, sisi tunaweza kumsikiliza bibi mara ya nne.

Kuna kikwazo kingine ambacho hatukisemi. Wajukuu wengi waliozaliwa mjini hawajui Kichaga, na bibi maneno yake ya ndani yako Kichaga. Wote wawili wanaogopa kidogo, wanasalimiana shikamoo, marahaba, basi. Wazazi, hii ni kazi yenu. Kaeni katikati yao mtafsiri, hata kama ninyi mna hamu ya kutoka nje kukutana na wenzenu mliosoma nao. Saa moja tu.

Mkwe aliyekuja mara ya kwanza asiachwe akitazama simu. Kama ametoka Bukoba, muulizeni senene wa msimu huu na jinsi kwao wanavyosherehekea, kabla hamjamweleza ya kwetu. Yule dada anayesaidia jikoni naye ana mama yake mahali fulani. Aketi, ale moto kama wengine, aulizwe habari za nyumbani.

Niseme la kikao cha ukoo, kwa sababu najua wengi mnakihofia. Kwa kuwa ndugu wote wapo, ndipo mpaka wa kihamba unapojadiliwa, na deni la mazishi, na nani atamtunza mama. Mambo hayo ni ya haki na lazima yasemwe. Ombi langu ni kwamba yasiingie kwenye chakula. Kikao kiwe siku yake, tarehe 27 au 28, kiwe na mwenyekiti na sala. Mithali 15:17 inatuambia chakula cha mboga penye mapendano ni bora kuliko ng'ombe aliyenona pamoja na kuchukiana. Nyumba zenye ndugu wasiosemeshana zinahitaji hata kutangulia: aliyekosa apeleke jani la sale, ishara ya Wachaga ya kuomba msamaha, kwa ndugu yake kabla ya sikukuu, kama wazee wetu walivyofanya tangu zamani, na aliyepelekewa asilikatae. Nalipenda sana jani hilo. Sioni linapingana wapi na Mathayo 5:24, inayotutaka tupatane kwanza na ndugu ndipo tuitoe sadaka.

Na marehemu wetu watajwe. Makaburi yapo hapohapo kihambani, tunapita kando yake tukienda kuchuma majani, lakini mezani tunamkwepa aliyeondoka mwaka huu kwa kuogopa kumliza mjane. Mjane analia tayari, usiku, peke yake. Mwambieni, "Leo tumemkumbuka baba, yeye Krismasi alipenda kufanya nini?" Akilia, mlie naye. Akicheka, mcheke naye.

Inawezekana utauliza kwa upendo wote na jibu lisikuridhishe. Mariamu alimuuliza mwanawe, "Mwanangu, mbona umetutenda hivi?" Alikuwa amemtafuta kwa huzuni siku tatu, na jibu alilopata, Luka anasema wazi, hawakulielewa. Hakulazimisha maelezo mbele ya wale waalimu. Walishuka wote Nazareti, naye akayaweka hayo yote moyoni mwake. Kijana wako akikujibu kwa kifupi, akitazama chini, usimbane mbele ya wajomba. Liweke. Kesho yake mwombe akusindikize dukani au mkakate majani ya ng'ombe, mtembee bila kusema sana. Lipo jambo ambalo mtu hawezi kulisema akitazamwa usoni na watu thelathini.

Wapo ambao hawatafika kabisa: muuguzi aliye zamu hospitali ya KCMC, mlinzi wa ghala la watu mjini Arusha, dereva wa basi lililowaleta wengine. Wapigieni kabla chakula hakijapakuliwa, simu ipite kwa watoto na kwa bibi, na kila mmoja amuulize jambo moja analotaka kweli kulijua. Kwenye jumuiya wiki hii tutaomba kwa ajili yao. Kila mwenye ndugu wa namna hiyo aje na jina lake, na siku ya Krismasi baba au mama atakayeomba mezani aanze na majina hayo.