Mheshimiwa alikuja Karagita, nikamuuliza kuhusu mlango wa grinihausi

Jumapili hapa Karagita, mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua Naivasha, nilikaa kwa kiti cha plastiki masaa matatu nikingoja mwanasiasa, na mimi si mtu wa mikutano, lakini mwenyekiti wa chama chetu (cha kuchanga pesa, si cha siasa) alisema asiyekuja atalipa faini ya mia mbili, basi nikaenda. Jina lake siandiki hapa so msinitumie meseji kuuliza ni nani. Ni mmoja wa hawa wanaotaka ubunge na wameanza kuzunguka mapema, uchaguzi ni Agosti 2027 lakini picha zake tayari ziko kwa kila posti ya stima huku South Lake, moja iko hapo mbele ya kibanda changu cha mboga inaniangalia nikikata sukuma.

Alianza na serikali. Barabara akasema "tumejitahidi", stima akasema "tumefikisha", alafu kufika kwa bei ya unga ghafla ikawa "hao watu wa Nairobi wametuangusha". Yaani lami ni sisi, unga ni wao. Nikamgusa shosho aliyekaa kando yangu tukacheka chini chini.

Kwa mambo ya wanawake lazima nimpe haki yake, jamaa alikuwa amesoma. Alieleza vizuri ile kanuni ya theluthi mbili kwa Katiba ya 2010 (jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti), vile Bunge limeshindwa kupitisha sheria yake mpaka Jaji Mkuu Maraga mwaka 2020 akamshauri rais alivunje, na halikuvunjwa. Alafu akasema sisi watu wa Nakuru hakuna wa kutufundisha, si 2022 tulichagua Susan Kihika gavana, Tabitha Karanja seneta, na hapa Naivasha mbunge ni Jayne Kihara? Nchi nzima magavana wanawake walitoka 3 mwaka 2017 wakawa 7. Tulipiga vigelegele, na mimi nilipiga, kwa sababu hizo kura niliamka saa kumi usiku kwenda kupanga laini.

Shida ni kwamba nikipiga makofi macho yalikuwa kwa mikono ya watu. Mtu wa maua unamjua kwa mikono. Kwa kucha kuna ile kijani inakaribia kuwa nyeusi, ya utomvu, haitoki hata usugue na jiki, na vidole vimejaa madoa madogo ya miiba. Mbele yangu alikuwa dada mmoja wa kugredi (kupanga maua kwa ubora), kidole chake cha shahada ni kifupi, kimeisha pale ukucha ungeanzia. Alikuwa anakikunja akipiga makofi.

Mimi nilichuma maua miaka sita, shamba gani tuwachane nayo. Watu wa kupiga dawa ya wadudu wakitoka na maski zao, mlango wa grinihausi unawekwa kibao, hakuna kuingia mpaka masaa ya hiyo dawa yaishe. Hiyo ni mwezi wa kawaida. Ikifika mwisho wa Januari, oda za Valentine zimejaa, supavaiza anakuja anageuza kibao anasema ingieni haraka haraka. Niliingia majani bado maji maji, mikono ya ovaroli ikalowa, kufika saa kumi jioni shingo imefura kama andazi. Kliniki ya shamba nikapewa piriton, dawa ya aleji, na nikaambiwa ninywe maziwa. Hakuna mtu aliandika popote. Na nilikuwa na mimba ya miezi mitatu, sikusema, kwa sababu kontrakti ilikuwa inaisha Machi na sisono (kibarua wa msimu) mwenye tumbo haitwi tena. Sheria ya ajira inasema likizo ya uzazi ni miezi mitatu na mshahara kamili, ndiyo, lakini wewe umeambiwa tu "tutakupigia". Huyo mtoto sasa yuko PP2, chekechea, bado nangoja simu.

Wakati wa maswali nikasimama. Mheshimiwa, ukipata hicho kiti utajuaje kibao kimegeuzwa kabla ya masaa kuisha? Akasema usalama ni jukumu la kila mmoja, akina mama mvae glavu. Tuvae glavu! Sheria ya usalama kazini ya 2007 inasema vifaa ni vya mwajiri na ni bure, na penye watu 20 kwenda juu lazima kuwe na kamati ya usalama, lakini sisi glavu mpya tuliziona siku moja kabla ya wageni wa ukaguzi kuja, na jioni zikarudi stoo. Akaongeza tusitishe wawekezaji wasije wakahamia Ethiopia (hii ya Ethiopia nimeisikia tangu siku ya kwanza kazini), alafu akamalizia na kusema mambo ya kazi si ya kaunti, ni ya serikali ya kitaifa. Ni kweli. Lakini si ni hiyo Bunge ya kitaifa anataka tumpeleke?

So mkiniuliza serikali imefanya kazi aje, mimi kilomita za lami sihesabu. Nauliza mkaguzi wa leba alikuja lini, na kama alipiga simu kwanza kusema anakuja.

Tulitoka na mia mbili mbili kila mtu, ile ile ya faini.

Jana jioni yule dada wa kidole alikuja kibandani, akachukua sukuma ya ishirini, akasimama. Kumbe kilikatwa na mashine ya kukata mashina, mwezi wa tano, wiki ya maua ya Mothers Day. Mwajiri ana siku 7 za kuripoti ajali, hakuripoti, walimpa tu off ya siku nne. Nikamtajia WIBA, ile sheria ya fidia ya kuumia kazini, akaniuliza ni ya nani, na kama amechelewa. Nikamhesabia kwa vidole, madai yanapelekwa ndani ya miezi 12, bado haijaisha. Ijumaa anatoka mapema. Nitafunga kibanda twende naye kupeleka madai.